Tiba ya mazungumzo: nani aende peke yake, nani aende na mwenzake, na lini jamaa yote iitwe

Katika mikutano yetu ya Kalebuka na Kasungami kuna swali linalorudi karibu kila mara. Wakati mwingine linaulizwa na mama aliyesimama nyuma kabisa, wakati mwingine na chifu wa kartye baada ya watu kutawanyika. "Ninyi wa shirika mnasema mtu mwenye mawazo mengi asaidiwe kwa kuongea. Kuongea tu? Sisi tunaongea kila siku, na usingizi hatupati."

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa neno moja. Ndiyo sababu tumeona vizuri kueleza katika kurasa hizi aina za tiba ambazo wataalamu wanaziita tiba za kisaikolojia, yaani zile zinazotumia mazungumzo na mazoezi badala ya vidonge. Tunawaandikia jamaa zilizohama makwao, na pia viongozi wa kartye, wa makanisa na wa misikiti, kwa sababu ninyi ndio mnaogongewa mlango usiku kabla ya sisi kujua lolote.

Vita vilivyoingia ndani ya nyumba

Komini Annexe inazizunguka komini nyingine sita za Lubumbashi. Anayefika kutoka mbali huanzia huku pembeni, Luwowoshi, Kisanga, Kimbembe au Munua, mahali ambapo nyumba ya kupanga haijawa ghali sana na bado kuna kipande cha kulima. Walikuja wa Mitwaba, Manono na Pweto, sehemu iliyopewa jina la "pembetatu ya kifo", katika miaka ya vita vya Mai-Mai. Wengine walikuja baada ya 2011, wakati Gédéon Kyungu alipotoroka gereza la Kasapa na vijiji vikaanza kuchomwa tena. Mwaka 2013 idadi ya waliohama katika Katanga yote ilipita 300,000. Kisha kukawa na mapigano ya Waluba na Watwa huko Tanganyika, ambayo yalizidi tangu 2016. Na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, tunakutana pia na watu wa Kivu.

Wengi wenu hamkuishi kambini. Mlipokewa na shangazi, na mjomba, na mtu wa kijiji kimoja. Nyumba ya vyumba viwili inalaza watu kumi na wawili. Baba aliyekuwa na mashamba na mbuzi anakaa kivulini akingoja mama arudi sokoni na unga wa bukari. Mtoto anashituka mlango ukipigwa na upepo. Hapo ndipo maneno makali yanapoanza, na watu wanafikiri ni tabia mbaya, au ni uchawi, kumbe mara nyingi ni vita vilevile ambavyo jamaa ilivikimbia.

Hatusemi kwamba kila aliyehama ni mgonjwa. Wengi wanapata nafuu wenyewe wakipata usalama, chakula, kazi kidogo na watu wa kukaa nao. Tiba ni kwa yule ambaye miezi inapita na bado halali, hali vizuri, anaona yaliyotokea kana kwamba yanatokea leo, hawezi kazi, hataki watu, au ameanza kunywa lutuku tangu asubuhi.

Tofauti na kupiga gumzo

Kuongea kwa tiba si sawa na kuongea kwa kawaida. Mtu aliyefunzwa na mtu anayesaidiwa wanapatana siku, saa, mahali, na idadi ya mara watakazokutana. Wanapatana pia ni kitu gani hasa wanataka kibadilike: kulala, kurudi kazini, kuacha kupiga watoto. Yanayosemwa hayatoki nje, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Na msaidizi hatoi mashauri mengi. Hili linawashangaza watu wetu, kwa sababu kwetu mkubwa akiitwa anategemewa aseme. Msaidizi mzuri anauliza, anasikiliza, anampa mtu zoezi la kufanya nyumbani, na juma linalofuata anauliza lilikwendaje.

Haishindani na sala. Mtu anaweza kwenda kanisani Jumapili na kwa mwanasaikolojia Jumanne. Tunachoomba viongozi wa vyumba vya maombi ni wasimfunge mtu kamba, wasimnyime chakula kwa jina la kufunga, na wasimwambie aache dawa alizopewa na munganga.

Mtu mmoja na msaidizi wake

Aina ya kwanza ni ya mtu peke yake. Humo ndani kuna njia nyingi, na sitazitaja zote. Nataja tatu ambazo zimejaribiwa karibu na kwetu.

Moja inashughulika na mawazo. Mama aliyepoteza mtoto njiani anasema, "Ningalimbeba mgongoni asingalikufa. Kosa ni langu." Amelisema mara elfu moyoni mpaka limekuwa kama ukweli. Msaidizi hamwambii "usiseme hivyo". Anamuuliza: siku ile ulibeba nani? Risasi zilitoka upande gani? Mama mwingine angekuja na habari hiyohiyo ungemwambia nini? Polepole mama mwenyewe anaona kwamba aliyepiga risasi ndiye aliyeua.

Njia hii ilijaribiwa Kivu Kusini kwa wanawake waliobakwa, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013. Kila mwanamke alikutana kwanza na msaidizi peke yake, kisha wakaendelea kwa vikundi vidogo vya watu sita mpaka wanane, mikutano kumi na miwili kwa jumla. Wasaidizi hawakuwa waganga. Walikuwa wanawake wa hukohuko, wenye masomo ya sekondari, wakaongezewa mafunzo na kusimamiwa. Miezi sita baada ya tiba kwisha, waliokuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa mia. Katika vijiji ambako wanawake walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa mia. Tazameni vizuri: hata msaada wa kawaida ulisaidia wengi, lakini ile tiba yenye mpango ilikwenda mbele zaidi. Na wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, basi mazoezi yalifanywa kwa kukariri.

Njia ya pili ni ya kusimulia maisha. Mtu anatandika kamba chini. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwake. Anaweka ua pahali pa furaha na jiwe pahali pa maumivu. Kisha, mkutano kwa mkutano, anasimulia tangu mwanzo, na akifika kwenye jiwe kubwa wanakaa hapo, taratibu, mpaka hofu ishuke, ndipo wanaendelea. Msaidizi anaandika, na mwishoni anamsomea mtu habari ya maisha yake yote. Faida yake ni kwamba siku ya msiba inapata tarehe na mahali pake, inaacha kurandaranda kichwani. Wataalamu wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliijaribu katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa.

Ya tatu ni fupi: mikutano mitano tu. Shirika la Afya Duniani liliitoa kwa watu wenye shida nyingi kwa pamoja. Mtu anafundishwa kupumua polepole kwa kutuliza mwili, kuchagua shida moja inayoweza kutatuliwa na kuigawa vipande, kurudia kazi ndogo alizoziacha, na kutafuta watu wa kumtegemeza. Ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia jeuri na ikasaidia. Mimi naipenda kwa jamaa zetu kwa sababu haimwombi mtu kueleza kila kitu kilichompata.

Hapo lazima niwaonye ninyi viongozi. Msimlazimishe mtu aliyefika jana kueleza aliyoyaona, hata kwa nia njema, hata katika ibada ya ushuhuda. Shirika la Afya Duniani lenyewe linakataza ule mkutano wa mara moja wa kumtapisha mtu maneno mara tu baada ya msiba. Siku za kwanza mpe maji, blanketi, mahali pa usalama, msaidie kupata watu wake, umsikilize akitaka mwenyewe kuongea. Hayo yanatosha.

Kikundi

Kikundi kinafaa pale shida inapofanana na wasaidizi ni wachache, yaani karibu kila mahali kwetu. Kule Masaka na Rakai, Uganda, mwaka 2002 watu wa vijiji wenye huzuni kubwa walikutana mara moja kwa juma, majuma 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakizungumza juu ya vilio, ugomvi, na mabadiliko ya maisha. Huzuni ilipungua sana, tena baadhi ya vikundi viliendelea kukutana vyenyewe baada ya wataalamu kuondoka.

Rwanda kuna njia nyingine, iliyoanza Byumba mwaka 2005. Watu kumi mpaka kumi na watano wa mtaa mmoja wanakutana majuma 15, na ndani yake wanaweza kuwa mjane wa mauaji ya 1994 na jamaa ya mtu aliyefungwa kwa mauaji hayo. Hawaanzi na kusameheana. Wanaanza na usalama, kisha kuaminiana, kujaliana, heshima. Habari za kumbukumbu chungu zinakuja mwishoni. Mpangilio huo una mafundisho kwa wapatanishi wetu, ambao mara nyingi wanataka Mluba na Mtwa wapeane mikono siku ya kwanza mbele ya kamera.

Bibi na bwana

Sasa tunafika kwenye jambo linaloleta watu wengi zaidi kwetu, na ambalo mimi mwenyewe nililikosea.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mama mmoja aliyetoka upande wa Moba alinijia. Bwana wake haongei naye tena, anakunywa, anauza vitu vya nyumba. Nikafanya kama wazee wetu wanavyofanya: nikawaita wote wawili, nikaweka na mzee mmoja wa kijiji chao, nikamwambia mama, "Eleza." Mama akaeleza vizuri, yote. Bwana aliinamisha kichwa, akatusikiliza, akatushukuru. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Baada ya siku tatu nikamkuta yule mama kwa jirani, mkono umevimba. Bwana alikuwa amemwambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Sikuwa nimemuuliza mama, akiwa peke yake, swali moja tu: je, unamwogopa?

Tangu siku ile sikutanishi bibi na bwana kabla ya kumwona kila mmoja pembeni. Nikisikia habari ya kupigwa, ya kulazimishwa kitandani au ya kutishwa kwa panga, hakuna kikao cha pamoja. Kwanza usalama wa anayeumizwa, hospitali kama ameumia, na njia ya sheria akitaka. Nimejifunza baadaye kwamba ndivyo wataalamu wa tiba ya wenzi wanavyofundishwa pote duniani. Baraza la wazee linalomwambia mwanamke "rudi, uvumilie" linaweza kumrudisha kwenye kifo.

Pasipo hofu, tiba ya wawili ina nguvu. Mgonjwa pale si mume wala mke. Ni ule mwendo wa kati yao. Bwana ananyamaza kwa sababu ana haya ya kutolisha nyumba. Bibi anaona kimya, anafikiri ni dharau, anapandisha sauti. Bwana akisikia sauti anatoka kwenda kunywa. Bibi anapandisha zaidi. Msaidizi anawaonyesha duara hilo, halafu anawapa kazi: mmoja aseme dakika tano bila kukatwa, mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Ni jambo dogo, lakini nimeona wanaume wenye mvi wakishindwa kurudia sentensi moja ya wake zao.

Kwa wanaume kuna pia vikundi vya Living Peace vilivyoanzishwa na shirika la Promundo na wenzake mashariki mwa Kongo. Wanaume waliopitia vita wanakutana kila juma kwa muda wa miezi kadhaa, wanaongea juu ya yaliyowapata, hasira, pombe na kazi za nyumba, na wake zao wanaalikwa katika baadhi ya mikutano. Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwakutanisha wanaume mara 15, nane kati ya hizo pamoja na wake zao; matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba upigaji wa wanawake ulipungua. Lakini si kila kikundi cha wanaume kinafanikiwa. Kulikuwa na kingine kilichojaribiwa Kivu Kaskazini ambacho hakikupunguza jeuri kama ilivyotumainiwa.

Jamaa yote

Neno jamaa lina historia huku Katanga. Wazee wa Kolwezi wanaukumbuka mwendo wa Jamaa wa padri Placide Tempels katika miaka ya 1950, ambapo bwana na bibi wa kambi za migodi walikaa pamoja kuelezana maisha yao. Haikuwa tiba. Nautaja kwa sababu watu wanaponiambia kwamba kuzungumza mambo ya nyumba ni desturi ya Wazungu, nawajibu kwamba baba zao walifanya hivyo.

Tiba ya jamaa ilikua baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale waganga walipoona kijana anapata nafuu hospitalini, kisha akirudi nyumbani anaanguka tena. Wakaacha kuuliza "mtoto huyu ana nini?" wakauliza "katika nyumba hii kunatokea nini?" Swali hilo linatuhusu sana. Katika nyumba iliyobanwa, shida ya wote hutafuta mtu mmoja wa kuibeba, na mara nyingi ni mtoto aliye dhaifu: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, anayekojoa kitandani, anayeongea usingizini. Kisha mtu anatamka kwamba ni mchawi. Nimekutana na mvulana wa miaka tisa ambaye kukojoa kwake kulianza usiku ule kijiji chao kilipochomwa. Nyumbani walisema ndiye anayezuia baba mdogo asipate kazi. Viongozi mjue kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Katika kikao cha jamaa msaidizi anachora mti wa jamaa: nani alikufa, nani amebaki kijijini, nani ametengana na nani. Anauliza kwa kuzunguka. Anamuuliza binti, "Baba akikasirika, nani anakuwa wa kwanza kuona?" Anamuuliza bibi mzee, "Siku mvulana huyu alilala bila kukojoa, nyumbani kulikuwaje?" Majibu yanashangaza wote waliokaa pale. Kwa mvulana yule ilionekana kwamba alilala vizuri siku ambazo mjomba aliyempenda alikuja kutembea. Jamaa wakaanza kumtuma kwa mjomba mara mbili kwa juma, na baba mdogo akakubali kuongea juu ya kazi yake kama shida ya kazi.

Jamaa zenye banungwe wana faida. Mnungwe anaruhusiwa kumwambia mkubwa wa nyumba ukweli kwa mzaha, bila kumvunjia heshima. Tumewahi kumwalika mnungwe katika kikao kigumu, na alisema kwa kicheko jambo ambalo mimi nisingalithubutu.

Kwa vijana, kazi iliyofanywa Dungu, kwenye eneo lililoteswa na waasi wa LRA, iliwakutanisha watoto pamoja na wazazi au walezi wao kwa mikutano minane, na filamu fupi zilizotengenezwa kwa ajili yao. Dalili za hofu zilipungua kwa watoto hao. Mzazi asiyejua kwa nini mtoto anashituka atampiga, akijua, atamshika.

Pale maneno hayatoshi

Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayevua nguo barabarani, anayeanguka kifafa, mama aliyejifungua akamkataa mtoto na kuongea maneno yasiyoeleweka: hao wapelekwe kwanza kwenye afya. Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, na chuo kikuu chetu kina kitivo cha saikolojia. Kifafa kina dawa, na si cha kuambukiza.

Mtu akisema amechoka kuishi, muulizeni wazi, "Unafikiri kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake, dawa za panya na za shamba ziondolewe nyumbani, na apelekwe siku hiyohiyo.

Mkimtuma mtu kwetu au kwa msaidizi mwingine, msimwambie mbele ya watu "huyu ana wazimu". Mwiteni pembeni. Mwambieni: "Nimeona hulali. Kuna mtu anayesaidia watu waliopitia kama haya. Nitakusindikiza, nitakaa nje." Halafu mkae nje kweli. Na mkimpeleka kwa msaidizi, ulizeni mambo manne: amefunzwa wapi, nani anamsimamia, mikutano itakuwa mingapi, na itafanywa kwa lugha gani. Bibi mzee wa Pweto hawezi kusimulia kifo cha mwanawe kwa Kifaransa. Kibemba, Kitabwa, Kiluba au Kiswahili, achague mwenyewe.